Fundi Mistari Anauacha Mtambo Ukisomeka

Fundi Mistari, mwanamke mwenzangu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na sita katika chumba cha kompyuta. Mimi napika chai ya ofisi, na nimeombwa kuandika maneno haya ya kumuaga kwa sababu binti yangu ni fundi chini yake. Nimekubali, ingawa roho ilisita.

Alipokuja, kompyuta kubwa zilikuwa zimeanza kuwa na bongo nne badala ya mmoja. Hitilafu ikitokea, kila ubongo uliandika malalamiko yake kwenye skrini wakati uleule. Herufi za huyu zikaingia katikati ya herufi za yule, mafundi wakabaki kukodoa macho. Mimi sikushangaa. Nina watoto wanne, na kikombe kikivunjika nyumbani ndivyo ninavyosikia.

Yeye aliuchapisha ule mchafuko, akaketi na penseli za rangi, nyekundu ubongo wa kwanza, bluu wa pili, mpaka akajua nani kasema nini. Walimtania kwamba karudi chekechea. Kisha akaandika programu: kila ubongo uumalize mstari wake pembeni, utie namba yake, ndipo mstari utoke mzima. Ubongo unaokaribia kuzimika hupishwa useme kwanza. Kompyuta inayoendesha maji ya mji ilipokwama, chanzo cha hitilafu kilisomwa kabla chai haijapoa.

Sasa binti yangu. Kwa Fundi Mistari anaeleza kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nikiuliza kazi imekuwaje, najibiwa nzuri, mama, basi. Siku hizi anakunywa chai bila sukari kama yeye, tena chai yangu. Alipopata homa kazini, aliyeitwa kwanza si mimi. Nilitabasamu, lakini iliniuma.

Kumbe Fundi Mistari anahamia mji mwingine kufungua karakana, na anataka kwenda na binti yangu. Nililisikia kwa mlinzi. Nikanuna wiki nzima.

Jana Fundi Mistari akaja jikoni, akaketi juu ya ndoo, akasema bila ruhusa yangu hamchukui. Halafu akauliza mtoto akiwa na homa hula nini, maana siku ile kila alichompikia kilirudi. Nikamwambia uji mwepesi, wenye ndimu, na asimsimamie akinywa. Nilifurahi kuliko inavyofaa.

Jibu langu nalitoa mbele ya wote: aende. Ahsante kwa kumfundisha. Avae sweta asubuhi, na likizo zote ni zangu. Tunakutakia maisha mema na afya, dada yangu, ila usimzoee sana.