Benedetta Ikapel, Aliyelinda Kompyuta za Malaba

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mimi ni Zilpa, na jioni hii ya mwaka huu wa 1999 nimekuja na habari za mtu mmoja tu. Jina lake ni Benedetta Ikapel. Jumamosi iliyopita tulimzika nyumbani kwake Chakol, karibu na Malaba. Huenda hukumfahamu. Lakini kama ulikuwa Budalang'i wakati wa mafuriko makubwa ya mwaka tisini na saba, mkono wake ulikufikia.

Benedetta alilinda kompyuta za serikali pale mpakani. Usicheke kwanza. Nami nilicheka niliposikia, nikadhani alikuwa askari wa mlangoni. Hakuwa askari. Alikuwa ofisa, na alichokilinda hakikuwa kitu cha kubebwa na mwizi mabegani.

Alizaliwa Kocholia. Baba yake alikuwa mfugaji. Dada yake, Roselida, aliniambia kwamba baba yao akinunua ng'ombe mnadani, hakumwingiza zizini siku hiyo. Alimfunga kando mpaka ajue kama ana ugonjwa. "Benedetta ndiye alikuwa anampelekea maji," Roselida alisema. "Alikuwa anamhurumia yule ng'ombe. Lakini hata siku moja hakumfungulia kabla baba aseme."

Alisoma, akawa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana. Alifundisha miaka mingi. Kisha serikali ikatafuta watu wa kwenda Nairobi kujifunza kompyuta, naye akaomba, akachukuliwa. Aliporudi alipangiwa ofisi moja ya serikali pale Malaba, ofisi ya kutoa vibali vya malori. Kila lori lililoingia nchini au kutoka lilipaswa kupata nambari yake hapo. Bila nambari, lori halipiti.

Mwaka wa 1994 kompyuta zikafika. Zilikuja zimefungwa kwa mablanketi. Watu walitoka madukani kuja kuzitazama zikishushwa. Agizo lilikuja pamoja nazo: kuanzia sasa, nambari zote zitatoka kwenye mashine. Mambo ya kalamu yamekwisha.

Mkuu wa ofisi alikuwa Mzee Osukuku. Ni mtu mwema, na yuko hai, na amekubali nimtaje. Mzee Osukuku aliziamini zile mashine. Aliona kwamba ukishakuwa na kompyuta, basi umeshakuwa salama. Neno la siri la kuzifungua likawa moja kwa wafanyakazi wote. Neno lenyewe lilikuwa "malaba", nalo lilibandikwa ukutani, ili asisahau mtu.

Benedetta alilibandua siku hiyohiyo.

Kule Nairobi alikuwa ameona jambo lililomtisha. Mwenzake darasani alileta disketi kutoka nje, akaichomeka, na kesho yake kompyuta za chumba kizima hazikuwaka. Ndani ya ile disketi kulikuwa na kirusi. Kirusi cha kompyuta, wasikilizaji, ni programu ya uharibifu. Hujificha ndani ya disketi kama ugonjwa ndani ya mnyama, huhama kutoka mashine hadi mashine, na hula kila kilichoandikwa humo. Benedetta alijiuliza swali moja, na swali hilo lilimwongoza tangu hapo. Je, yakitokea haya Malaba, mpaka utafanyaje kazi?

Kwa hiyo akaanza. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na asimwambie mtu, hata mumewe au mkewe. Disketi yoyote inayotoka nje ijaribiwe kwanza kwenye mashine moja iliyowekwa kando, isiyounganishwa na nyingine. Kila Ijumaa rekodi zote zinakiliwe, na nakala zihifadhiwe mbali na ofisi. Zilipelekwa parokiani, zikafungiwa kwenye kabati la chuma. Halafu akaongeza jambo lililowaudhi watu kuliko yote. Mara moja kila mwezi, bila kuonya mtu, alizima kompyuta zote, na kazi ikaendelea kwa mkono hadi aseme basi.

Walilalamika sana. Karani wake, Onyuka, aliletewa disketi ya mchezo wa karata na binamu yake wa Kampala, Benedetta akaifungia sandukuni. Onyuka alimnunia juma zima. Mjini wakampa jina, wakamwita Mama Siri. Mumewe, Emojong, anayeuza vipuri vya baiskeli, aliulizwa sokoni ni kitu gani mke wake anaficha kule ofisini. Emojong alijibu kwamba hata yeye hajui, na akijua hatasema.

Halafu kukatokea habari ya mtamba.

Kulikuwa na wakala wa mizigo aliyeitwa Akol. Alikuwa na malori mengi na haraka nyingi. Siku moja Benedetta alirudi nyumbani akakuta mtamba mwekundu, mzuri, amefungwa uani. Akol alikuwa amemleta. Alimwambia Emojong ni zawadi tu ya jirani, na kwamba angefurahi sana kama mama angemkopesha lile neno lake la siri, ili malori yake yasikae foleni.

Emojong, ambaye humwita mkewe Mama Quinter kwa jina la binti yao, aliniambia haya akitabasamu, machozi yakimlengalenga. "Ng'ombe alikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Mimi nilikuwa nishaanza kufikiria atalala wapi. Mama Quinter alimwangalia, akaniambia, huyu hatalala hapa."

Asubuhi yake, Benedetta akiwa amevaa nguo zake za kazi, alimfungua mtamba yule akashika kamba. Alimpitisha katikati ya mji wa Malaba, kandokando ya foleni ya malori, madereva wakichungulia madirishani. Alimfikisha hadi mlangoni kwa Akol, akamfunga hapo, akamsalimia Akol kwa heshima, akaenda kazini. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, hakuna aliyemwendea tena kumwomba neno la siri.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Mwishoni mwa mwaka wa 1997 mvua ilikataa kukatika. Mto Nzoia ulivunja kingo. Budalang'i ikawa ziwa. Watu walihamia kwenye miinuko na mashuleni, na wakiwa wamesongamana hivyo, kipindupindu kikaingia.

Juma hilohilo, makao makuu ya idara yake yalituma disketi mipakani kote. Ilikuwa na programu mpya, na agizo kwamba iwekwe mara moja kwenye kila mashine. Benedetta aliomba aijaribu kwanza kando. Simu ikaja kutoka juu. Aliulizwa kama anaogopa disketi ya serikali yake mwenyewe. Mzee Osukuku alikuwa katikati, akaamua agizo litiiwe.

Benedetta hakugoma. Alimwomba mkuu wake mambo mawili. La kwanza, rekodi zinakiliwe leo, wasingoje Ijumaa. La pili, ile mashine ya kando isiguswe. Mzee Osukuku alikubali. Nakala zikapelekwa parokiani. Disketi ya makao makuu ikachomekwa.

Jumatatu asubuhi wafanyakazi waliwasha kompyuta, na hakuna iliyoitika. Vioo vilikuwa vyeusi. Walioiandaa ile disketi hawakujua kwamba ilikuwa na kirusi. Busia vilevile, mashine zilikuwa zimekufa, na ofisi ya huko ikafunga milango. Malori yaliyokuwa Busia yakaanza kugeuza kuja Malaba.

Na kwenye daraja la Malaba, kutoka upande wa Uganda, lilikuwa limeshasimama lori la hospitali moja ya misheni. Dereva wake aliitwa Okurut. Alikuwa amebeba maji ya dripu, dawa ya kutibu maji ya kunywa, na mahema. Alikuwa anakwenda Budalang'i. Alihitaji nambari.

Onyuka, yule karani wa disketi ya karata, ndiye aliyenisimulia asubuhi hiyo. Alisema Mzee Osukuku alikuwa amekaa, ameshika kichwa. Mawakala walijaa mlangoni. Wengine walishaanza kudai malori yao yalipewa nambari wiki iliyopita, kwa sababu walijua hakuna wa kuwabishia. Rekodi zikipotea, kila mtu ni mkweli. Benedetta aliingia, akatazama zile mashine moja baada ya nyingine, akageuka kwa watu wake.

"Mnaijua hii kazi," alisema. "Tumeifanya kila mwezi. Kila mtu akae mahali pake, tuanze na lile lori la dawa."

Wakakaa. Yale mazoezi waliyoyachukia yalikuwa yameingia mikononi. Huyu akapokea stakabadhi, huyu akakagua, huyu akaandika, yule akathibitisha. Miezi mingi nyuma, Benedetta alikuwa amewaandikia makao makuu akaomba nambari za akiba, za kutumika siku mashine zikifa. Zilikuwa zimekubaliwa rasmi na zinangoja. Ya kwanza ilikwenda kwa Okurut. Kabla jua halijawa kali, lori la dawa lilikuwa limepita kizuizi, linaelekea Bumala na kuteremka Budalang'i.

Benedetta mwenyewe alipanda pikipiki ya paroko, akaenda kuchukua nakala. Aliziweka kwenye ile mashine ya kando, ile isiyoguswa. Ikawaka. Rekodi zote zikaonekana, hadi za siku ile waliyonakili. Mawakala waliokuwa wakidai nambari za uongo waliitwa mmoja mmoja, wakaonyeshwa kioo cha kompyuta, wakarudi kwenye malori yao. Na kwa sababu kila nambari ilibeba jina la karani aliyeitoa, hakuna karani aliyesingiziwa.

Akol naye alikuwa kwenye foleni. Malori yake safari hii yalikuwa halali, na rekodi yake ilikuwepo, kamili. Alipita bila kuombwa kitu. Alisimama kwenye mazishi Jumamosi akasema hivi, na nilikuwepo: "Huyu mama alinirudishia ng'ombe mbele ya watu. Nilimchukia. Siku ile kompyuta zilikufa ndio nilijua, kama angenipa mimi siri yake, angempa kila mtu, na mimi pia ningeibiwa."

Malaba haikufunga hata siku moja. Narudia, wasikilizaji. Ofisi nyingine za mpakani zilifungwa kwa majuma. Malaba haikufunga. Magari ya msaada yakageuzwa yote yapite huko. Muuguzi mmoja, Phelister, aliyekuwa kwenye kambi ya Budalang'i, aliniambia dripu zilimfikia akiwa amebakiwa na chupa chache za mwisho, na wagonjwa wamelala chini mpaka mlangoni. "Sisi tulimshukuru Mungu na tukamshukuru dereva," alisema. "Hatukujua kuna mwanamke nyuma ya hilo lori."

Baadaye wataalamu walikuja kutoka Nairobi. Mzee Osukuku aliwaambia wazi kwamba aliyeiokoa ofisi ni Benedetta. Wataalamu nao walikuwa watu wa maana. Walikaa naye siku kadhaa, wakamsaidia kusafisha mashine, wakamletea programu ya kukamata virusi ambayo yeye hakuwa nayo, nao wakaondoka na taratibu zake. Mwaka uliofuata idara ikamtuma kuzifundisha ofisi nyingine. Alianza na Busia. Onyuka alikwenda naye kama msaidizi, na ndiye aliyekuwa mkali kuliko mwalimu. Mwenye disketi isiyojulikana ilikotoka alimkwepa Onyuka.

Mwaka huu figo zikaanza kumsumbua. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Binti yake, Quinter, aliacha masomo kwa muda ili amuuguze.

Quinter aliniambia kwamba mwezi Julai mama yake aliomba apelekwe ofisini. Hakuwa na nguvu. Aliingia ameegemea bega la binti yake, akawasalimia watu wote, akauliza habari za watoto wao. Kisha akanyoosha mkono akazima umeme wa kompyuta.

Hakuna aliyeshtuka. Hakuna hata aliyemgeukia kumuuliza wafanye nini. Walivuta kalamu, kazi ikaendelea, malori yakapita. Benedetta aliketi kwenye benchi la wateja akiwatazama, na Quinter akaona mama yake anacheka peke yake.

"Nilimuuliza, mama, unacheka nini," Quinter alisema. "Akaniambia, hawa hawanihitaji tena. Alisema kama mtu ameshinda mashindano."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yetu sote hapa studioni, natoa pole kwa Mzee Emojong, kwa Quinter na ndugu zake, kwa Roselida, na kwa ukoo mzima wa Ikapel kule Kocholia na Chakol. Poleni pia wafanyakazi wenzake. Mmepoteza mtu. Lakini mtu huyo hakuwaacha mikono mitupu, na nyinyi mnajua hivyo kuliko mimi.

Kwetu sisi wengine, nawaachia jambo la kutafakari. Siku hizi tunaletewa mashine mpya kila mahali, mahospitalini, mahakamani, benki. Tunapiga makofi zikishushwa kwenye lori. Ni vizuri kupiga makofi. Ila kabla hujaenda nyumbani leo, tazama kazi yako, uliza: likitokea baya kesho, na mimi nisiwepo, nimemfundisha nani?

Jumamosi, tulipokuwa tunaimba kaburini, wafanyakazi wa ofisi yake walikuwa nusu tu. Niliuliza wengine wako wapi. Onyuka aliniambia wako kazini, kwa zamu, wamekubaliana hivyo. Wimbo ulipoisha, kutoka barabarani tukasikia malori yakibadilisha gia, yanapanda kutoka mpakani, moja baada ya jingine. Siku tuliyomzika Benedetta Ikapel, Malaba haikufunga.