Mashine Niliyoichagua kwa Mahame ya Babu

Nimeomba nisimame, ndugu zangu, ingawa mchungaji ameniambia naweza kusema nikiwa nimekaa. Nikikaa nitatazama sakafu, na haya ninayotaka kusema yanapaswa kusemwa nikiwa nawatazama. Sitataja jina la mtu. Wengi mnawajua, na asiyewajua hatapungukiwa na kitu.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa baba yangu. Ujana wangu niliumalizia Tunduma, nikipakia na kupakua malori ya kwenda Zambia, mpaka mgongo ukakataa. Baba alipoanza kuumwa nikarudi hapa kijijini kwetu Ruanda. Mdogo wangu alikuwa hapa siku zote. Yeye ndiye aliyepalilia kahawa, yeye ndiye aliyemgeuza baba kitandani. Mimi nilirudi na begi moja na sauti ya ukubwa.

Shamba letu lina sehemu mbili. Juu ni mibuni aliyoipanda baba. Chini ni mahame, palipokuwa na nyumba ya babu kabla familia haijasogea kuifuata barabara. Nyumba ya mama iko katikati.

Siku chache kabla ya kufariki, baba alinishika mkono akasema, "Vya babu yako vilikuwa mahameni." Kisha akalala. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mimi nilisikia "viko mahameni." Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale, akasikia neno kama lilivyosemwa. Tulipotoka nje akaniambia, "Kaka, amesema vilikuwa." Nikamjibu kwamba mgonjwa hachagui maneno.

Hadithi yenyewe tuliikuta nyumbani. Babu alikuwa mpagazi wa Wajerumani, akarudi na rupia za fedha, akazifukia kwenye chungu. Na mnajua Tunduma kulivyo. Kila mtu pale ana rafiki ambaye mjomba wake alifukua mali ya Mjerumani akanunua lori. Mwenye lori mwenyewe humuoni. Mimi nilizisikia hadithi hizo miaka yote nikiwa na gunia begani, zikaniingia.

Baada ya arobaini nikauza ng'ombe wetu wawili wa kulimia. Sikumwambia mdogo wangu mpaka mnunuzi alipokuja na kamba. Nikaenda Tunduma kutafuta mashine ya kutafutia vitu ardhini.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoangukia. Niliona mashine mbili.

Ya kwanza ilikuwa kwa fundi redio mmoja, mtu mzima, kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Alikuwa ameinunua kwa wachimbaji wa Chunya. Fimbo tu, chini ina sahani ya mviringo, juu ina kisanduku na hedifoni. Haikuwa nzuri kuitazama. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamuuliza inasikia mpaka kina gani. Akanionyesha kutoka kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko. "Kitu kidogo kama sarafu, hapa. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Nikacheka. Akaniuliza, "Kwenu walikuwa wanafua chuma zamani?"

"Kwetu ni Unyiha. Wazee walikuwa wanayeyusha chuma, ndiyo. Inahusu nini?"

"Basi ardhi yenu imejaa mavi ya chuma. Mashine yoyote itapiga kelele kila hatua. Hii unaweza kuiambia inyamaze kwenye chuma, isikie shaba na fedha. Lakini usiinunue leo. Nitakuja nayo kwenu siku moja, tuijaribu. Tusipoelewana nitarudi nayo."

Ndugu zangu, mtu aliniambia nisinunue leo, na mimi nikamwona mjinga. Nikasema moyoni, huyu hana imani na mali yake mwenyewe.

Ya pili nilipelekwa na dalali kuiona, upande wa pili wa mpaka, Nakonde. Chumba kizuri, zulia, kijana mwenye koti na viatu vinavyong'aa. "Mulishani, bashikulu!" akanisalimia Kibemba, akiniita babu kwa heshima yote, akanipa kiti. Mashine yake ilikuwa ndani ya sanduku jeusi lenye sponji. Vishikio viwili, antena mbili ndefu, taa za rangi tatu. Akasema inasikia dhahabu na fedha mpaka kina cha mti mrefu, na chuma haiigusi kabisa.

Nikamwambia nataka kuiona ikifanya kazi. Nilijiona mjanja kwelikweli. Akavua pete yake, akaiweka chini ya zulia, akarudi mlangoni, akashika vishikio. Antena zikageuka zenyewe, polepole, zikaelekea kwenye pete.

Nilipiga makofi. Msicheke, au chekeni, nimestahili. Aliificha yeye, akaitafuta yeye, akaipata yeye, na mimi nikapiga makofi.

Nikarudi nyumbani na sanduku jeusi. Mama alikuwa anapepeta maharage. Akaniuliza, "Umeleta redio?" Nikamwambia ni mambo ya wanaume na ya ukoo. Mama yangu aliolewa katika nyumba ile akiwa msichana. Alifagia uwanja wa mahame yale miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Na mimi nilimwambia hayo, nikapita.

Antena zile zilikwenda kila mahali nilikokuwa nafikiria. Nikifikiri chini ya jiwe la kusagia, zinageuka huko. Nikifikiri kwenye mtini, huko. Nikachimba. Nikapata mavi ya chuma, meusi, mazito, ndoo kwa ndoo. Nikampigia simu kijana wa Nakonde. Akasema, "Bashikulu, mali iko chini zaidi. Ongeza kina." Nikaongeza. Mashimo mengine yalinifika kifuani.

Mahame yakaisha. Ndipo nikaanza kufikiri labda babu alifukia juu zaidi, na antena, bila shaka, zikageukia juu. Kwenye kahawa.

Siku niliyong'oa mbuni wa kwanza, mdogo wangu alikuja akasimama mbele ya jembe. Akasema, "Kaka, mibuni hii inalisha watoto wangu na wewe mwenyewe. Chimba kwangu, hata ndani ya nyumba yangu chimba, lakini hapa acha." Nikamwambia anajua chungu kiko wapi na anataka kubaki peke yake akichukue. Nikamwambia alimuuguza baba kwa hila. Maneno hayo niliyasema mbele ya mke wake.

Wiki ile ile alifunga vitu vyake akaenda Msangano, kukodi shamba la mpunga kwa watu. Mtu aliyezaliwa kwenye baridi hii akaenda kwenye joto la Momba na watoto wadogo. Mimi nikaona nimepata nafasi. Safu tatu za mibuni niliziangusha, nikaacha mashimo wazi, maana nilikuwa nasema nitarudi kuongeza kina.

Asubuhi moja mama alitoka kwenda kuchuma majani ya maboga. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yameota kwenye kingo za mashimo, hayaonekani. Mimi nilikuwa upande wa juu nikichimba. Nilisikia kitu kama mbuzi. Nikaendelea kuchimba.

Sitawaficha. Nilisikia, nikaendelea kuchimba.

Jirani yangu mmoja, mama ambaye leo yupo humu, ndiye aliyemkuta. Alipiga kelele za kuita watu, nikashuka. Mama alikuwa chini ya shimo langu, mguu umegeuka, amekaa kwenye maji. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nimeita sana." Tulimpandisha kwa mlango wa jiko tulioung'oa, tukamweka kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka ndizi Vwawa.

Hospitali walisema ni nyonga, na kwa umri ule hatatembea tena. Jioni, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda, mama akaniuliza, "Mwanangu, unatafuta nini pale kwetu?"

Ilikuwa mara ya kwanza mimi na mama kuzungumza jambo hilo. Nikamwambia: rupia za babu.

Akasema, "Rupia za babu yako nilizisugua mimi kwa majivu, mikono hii. Baba yako alizifukua mwaka tuliooana. Alizipeleka Mbeya kwa sonara, akarudi na miche ya kahawa na mashine ya kumenyea. Zilizobaki tulizila siku ya njaa. Ungeniuliza."

Miche ya kahawa. Mnaelewa? Nilikuwa naing'oa mali ya babu ili niitafute mali ya babu.

Na sikuamini, ndugu zangu. Huo ndio uchungu nilionao mpaka leo. Mama yangu amelala amevunjika, na mimi nikasema moyoni, anamfichia mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuja kutoka Msangano alipopata habari. Hakunisalimia. Alipoona bado nakwenda shambani na zile antena, alifanya jambo moja. Alikwenda Tunduma, akamtafuta yule fundi redio niliyekuwa nikimcheka hapa nyumbani, akaja naye. Fundi akaniambia, "Mzee, leo hatununui wala hatuuzi. Mdogo wako atafukia sarafu tatu, mimi na wewe tukiwa ndani ya nyumba. Kisha utatafuta na yako, nami nitafute na yangu."

Tukakaa ndani. Mdogo wangu akafukia. Nikatoka na mashine yangu ya antena. Ikanipeleka kwenye mlango wa jiko, kwenye choo, kisha kwenye kisigino changu mwenyewe. Fundi akavaa hedifoni zake, akatembea polepole kama mtu anayefyeka nyasi fupi, akazipata zote tatu. Halafu akapita mahame yote, siku mbili, hatua kwa hatua. Chuma kilipoachwa kisikike, mashine ililia bila kupumzika. Chuma kiliponyamazishwa, akapata kifuniko cha taa na kifungo kimoja cha shaba. Hakuna kingine. Ndipo nilipokaa chini juu ya udongo wangu mwenyewe nikalia mbele ya mdogo wangu. Yeye akachukua koleo, akaanza kufukia shimo alimoanguka mama. Baadaye kidogo nikachukua jembe nikaenda kumsaidia.

Tulifukia kwa msimu mzima. Nilikwenda Nakonde kumtafuta yule kijana, nikakuta chumba kinauza viatu. Sikushangaa. Mama aliishi mwaka na miezi akiwa ndani, akibebwa kwenda juani. Nilimwogesha mimi. Wengine mlinisifu kwa hilo. Msinisifu. Miche mipya niliipanda akiwa hai, lakini ilizaa baada ya kumzika.

Nawashukuru. Namshukuru jirani aliyemsikia mama nilipokataa kumsikia. Akina mama wa jumuiya waliokuja kwa zamu bila kuniuliza imekuwaje. Fundi, ambaye hata nauli aliikataa. Mchungaji, aliyekuja kukaa nami pasipo kuhubiri. Na mke wa mdogo wangu, aliyemruhusu mumewe kurudi kwenye shamba alikotukanwa.

Mkinunua mashine ya namna hiyo, na najua wapo humu wanaofikiria, msiamini jaribio la anayeuza. Afukie mtu mwingine, kwenye ardhi yenu, ninyi na muuzaji msipaone. Na anayekwambia mashine yake haiwezi jambo fulani, msikilize huyo. Lakini hilo ni dogo. Kabla hujaiuliza ardhi, waulize walioifagia.

Mdogo wangu yupo pale nyuma. Amekuja. Tunalima pamoja, tunachuma pamoja, ila bado hajaingia nyumbani kwangu kula, wala hajatamka kwamba amenisamehe. Simdai neno hilo. Namwambia mbele yenu, na sikuwahi kumwambia: ulisikia vizuri, na mimi ndiye niliyesikia vibaya.

Nimemaliza. Aliye na mzazi nyumbani asisubiri hata nikae.