Mama Godelive Lotsove, Aliyetaka Kujua Habari Inafika Namna Gani

Maisha yake kwa ufupi, yaliyoandikwa na familia na kusomwa na mdogo wake Donatien. Bunia, tarehe 9 Februari 2026.

Mama Godelive Lotsove, ambaye tumekusanyika kumsindikiza, alizaliwa tarehe 14 Septemba 1966 karibu na misheni ya Fataki, katika wilaya (territoire) ya Djugu. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Tharcisse Ngabu, mfugaji, na Mama Émilienne, mkulima. Wote wawili walimtangulia. Mama Émilienne alipenda kusema kwamba watoto wake wengine walianza kusema kwa kuita mama, lakini huyu alianza na “juu ya nini?”

Alipokuwa na miaka minane alimuuliza baba yake ng'ombe wanajuaje njia ya kurudi nyumbani. Mzee alikuwa amechoka, akamjibu, “Uwafuate, utaona.” Godelive akawafuata. Jioni ile watu wa mtaa wote walimtafuta mpaka kwenye mto, na Mzee Tharcisse alikuwa amekwisha kukata fimbo ya kumchapa aliposikia kengele za ng'ombe na kumwona binti yake nyuma yao, matope mpaka magotini. Kabla hajapigwa akasema, “Baba, hawajuwe njia. Ni ule muzee wa mabaka tu anajua. Wengine banamufuata.” Mzee alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Tangu siku hiyo akawa anawauliza wachungaji wake ni ng'ombe gani anayewaongoza wengine.

Alisoma shule ya msingi Fataki kuanzia 1972 mpaka 1978. Kisha alikuja Bunia, akakaa kwa shangazi yetu, mtaani Mudzipela, na kupata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1984 katika commerciale et administrative, kazi za biashara na ofisi. Masomo aliyoyapenda kupita yote hayakuwa ya hesabu wala ya mashini ya kuandikia. Alipenda Kiswahili cha vitabu. Alimaliza kabati lote la vitabu vya Kiswahili la parokia, akaanza kutusahihisha mezani. Sisi tuliosema “siku ya pili” tuliambiwa kwamba watu waliosoma wanasema “Jumanne”. Alikuwa na majivuno kidogo kwa jambo hilo, na alikubali mwenyewe baadaye kwamba alikuwa nayo.

Tarehe 5 Septemba 1988 alianza kazi ya secrétaire katika shule ya sekondari, Institut Bonde la Shari. Ndiyo kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomtoa, miaka thelathini na saba, chini ya wakuu wa shule, mapréfet, saba.

Hapo ndipo alipomkuta mume wake. Emery Kamate alikuwa amefika kutoka Butembo, fundi wa mashini, akaitwa shuleni kutengeneza ile ya kutolea nakala. Bibi secrétaire alimwomba aifungue mbele yake na kumweleza kila kipande kazi yake. Baba Emery anasimulia hivi: “Mashini ilikuwa ya kazi ya saa moja. Nilimaliza siku tatu juu ya maulizo. Siku ya ine nikaona niko narudi bila kuitwa.” Walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1991, wakajaliwa watoto watatu: Dominique, Espérance na Caleb. Kwa miaka thelathini na minne nyumba yao haikukosa kitu kilichofunguliwa juu ya meza ili mama aone ndani.

Wengi wenu hapa mlimjua kwa sababu ya barua za shule, na familia imeombwa kueleza jambo hilo lilianza namna gani.

Kuanzia mwisho wa 2017 watu wengi wa Djugu walikimbilia Bunia kwa sababu ya vita. Madarasa ya septième na huitième, la saba na la nane, yalijaa watoto ambao wazazi wao walikuwa katika site, kambi za waliohama, ama kwa jamaa, ama wamevuka mpaka ziwani kutafuta kazi ya samaki. Shule iliendelea na desturi yake: kominike kwa Kifaransa, mhuri chini, ikabandikwa kwenye mlango mkubwa. Mwezi wa Novemba 2019 kukawa mkutano wa wazazi. Familia zilikuwa mia mbili na sitini. Walikuja wazazi thelathini na mmoja.

Préfet wa wakati ule, Bwana Christian, alikuwa mtu mwema, lakini siku hiyo alikasirika. Alimwambia Mama Godelive, “Bazazi hawa hawajali masomo ya batoto.”

“Tuliwauliza, préfet?”

“Kuwauliza nini?”

“Kama walijua iko mukutano.”

Kitu kilichomsumbua Mama Godelive kupita njaa maishani mwake ni swali lisilo na jibu. Wiki iliyofuata alianza kutembea kila baada ya masomo, akiwa na kaye, daftari lake, chini ya kwapa. Kwa kila mzazi alikuwa na ulizo moja tu: “Habari iko nafika kwako namna gani?” Hakuuliza kwa nini hamkuja. Alisema kwamba ukiuliza hivyo mtu anatafuta kujitetea, hatafuti kukumbuka.

Majibu yalimshangaza. Baba mmoja hakuwa na simu, lakini kila siku ya ine alipeleka mihogo kwenye mashini ya kusaga, na mwenye mashini alimjua kwa jina. Nyanya mmoja alipata habari zote za dunia kwenye mazoezi ya chorale, kwaya ya kanisa. Mama mwingine, anayefua nguo za watu, alicheka akasema, “Mutoto wangu wa septième hawezi kunipatia karatasi hata umufunge kamba. Ana haya ya kunionyesha shuleni. Lakini weye tia tu mu mufuko ya kaputula. Samedi nafua, nitaiona.” Mama Godelive aliandika katika kaye: *Kaputula. Kabla ya samedi.* Na kuanzia pale barua za shule zilitoka siku ya Ijumaa, si siku nyingine.

Aliacha mlango mkubwa kwa Kifaransa chake. Yeye akaanza kuandika barua fupi kwa mkono, kwa Kiswahili: mkutano lini, kupokea bulletin ya alama lini, mtihani lini, sikukuu ya shule lini. Zilipita kwa mwenye mashini, kwa chorale, kwa waendesha pikipiki wa rond-point, mzunguko wa barabara, kwa Mama Mbambu aliyenunua samaki Tchomia, kule ziwani, na kuwauza hapa sokoni. Mkutano uliofuata walikuja wazazi mia moja na tisini. Préfet aliagiza viti kwa kanisa jirani.

Hatutaficha lililotokea mwaka 2021, maana mwenyewe hakulificha.

Siku ya Ijumaa tarehe 11 Juni shule iliarifiwa kwamba mtihani wa mwisho wa huitième umewahishwa wiki nzima. Masomo yalikuwa yamekwisha, na watoto kumi na tisa walikuwa nje ya Bunia. Mama Godelive aliandika barua kumi na tisa jioni ile ile. Kila moja ilisema: *Mtihani utafanyika Jumanne ijayo, saa moja asubuhi.* Hakutia tarehe. Aliona Jumanne inatosha.

Siku ile ya mtihani walifika watoto wote isipokuwa mmoja, Falone, binti wa Baba Fiston, mkausha samaki wa Tchomia. Mama Godelive alisimama mlangoni mpaka saa tatu.

Baba Fiston alimleta binti yake baada ya siku mbili. Walifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa pikipiki, Falone amevaa sare ya bleu-blanc iliyopigwa pasi, na kalamu mbili mkononi. Uwanja ulikuwa mtupu.

“Baba Falone, mumechelewa,” Mama Godelive alisema.

“Kuchelewa namna gani? Iko saa kumi na mbili.” Alitoa barua mfukoni, imekunjwa vizuri. “Mwenyewe uliandika hapa, nne. Leo iko siku ya ine.”

Ndugu, mnaelewa. Kwetu sisi siku zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kazi, ile vitabu vinaita Jumatatu: siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, siku ya ine. Jumanne ya vitabu ni siku yetu ya pili. Baba Fiston alisoma barua ile sawasawa, kwa lugha anayoisema kila siku. Mama Godelive aliyaangalia maandishi yake mwenyewe, mazuri, ya shule, akakaa kwenye ngazi.

Préfet alitoka ofisini, akaisoma, akasema barua haina kosa, shule haiwezi kulaumiwa. Hapo Mama Godelive akamjibu neno ambalo walimu wa pale wanalirudia mpaka leo: “Barua iko sawa, préfet. Lakini mutoto hakufanya examen. Sasa iko sawa juu ya nani?”

Alikwenda mara tatu kwenye ofisi ya mitihani kumwombea Falone nafasi. Mara tatu aliambiwa hapana. Falone alipaswa kurudia mwaka. Msichana hakulia mbele ya watu. Alimuuliza tu, “Mama, mimi ndiye niko na makosa?” na Mama Godelive alituambia kwamba katika maulizo yote aliyoulizwa maishani, lile ndilo lililomkosesha usingizi.

Jumamosi ya tarehe 3 Julai alipanda pikipiki kwenda Tchomia. Barabara haikuwa salama wakati ule, na Baba Emery alimkataza. Alimwambia, “Mama Dominique, tuma barua.” Akamjibu, “Barua ndiyo imeleta hii yote.” Alimkuta Baba Fiston kwenye moshi wa samaki, pamoja na majirani. Hakumwita pembeni. Alisema mbele yao wote: “Baba Fiston, ulisoma muzuri. Ni mimi niliandika vibaya. Niliandika kwa kuonyesha nimesoma, sikuandika juu yako. Nakuomba musamaha, weye na mutoto.”

Baba Fiston aligeuza samaki kwanza, mstari mzima. Kisha akauliza, “Umetoka Bunia juu ya kuniambia hii tu?”

“Hii tu.”

“Basi, kaa. Utakula kwanza.”

Walikula. Baba Fiston yupo hapa leo, na ndiye aliyetupa ruhusa ya kusoma habari hii. Falone alifanya mtihani mwaka 2022 akafaulu. Sasa yuko katika mwaka wa mwisho wa humanités, masomo ya sekondari.

Tangu Julai ile barua za Mama Godelive zilibadilika. Ziliandikwa kwa Kiswahili tunachosema. Zilikuwa na tarehe, na chini yake idadi ya usiku: *mutalala mara tano, kisha mutakuja.* Kila aliyebeba barua alipaswa kurudi na jibu kutoka kwa mzazi, maneno ya mzazi mwenyewe, si ndiyo tu. Alisema habari isiyorudi bado haijafika. Walimu vijana walimwambia siku hizi kuna WhatsApp, na hakukataa. Alijifunza, akawa anatuma sauti yake kwa wenye simu, kisha akiuliza: “Nirudishie, umesikia nini?” Wazazi wengine waligombana naye kwa ajili hiyo. Baba mmoja alimwambia yeye si mtoto wa septième. Mama alimpa pole, akasubiri jibu.

Mwezi wa Oktoba 2025 miguu yake ilianza kuvimba. Waganga wa hospitali waligundua kwamba figo zote mbili zimechoka kwa sababu ya tension ya damu iliyokaa miaka mingi bila kuonekana. Alilazwa mara mbili. Muuguzi aliyemhudumia, Valérie, alimchorea figo nyuma ya karatasi ya vipimo, maji yanaingia wapi, yanatoka wapi, na mgonjwa akataka kujua kwa nini Mungu ametoa mbili kama moja inatosha. Valérie alimwambia, “Mama, weye uko mugonjwa ao inspecteur?” Walicheka pamoja. Karatasi ile tuliikuta chini ya mto wake. Alikuwa ameongeza alama ya ulizo sehemu mbili.

Alijua hali yake. Alituita, mimi na watoto, tarehe 1 Februari, akasema hana hofu, ana hamu ya kujua. Tuliimba.

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Februari 2026, asubuhi, Baba Emery alikuwa peke yake naye hospitalini. Mama alifungua macho akasikia kitu nje ya dirisha. “Baba Dominique, ni ndege gani eko nalia hivi?” Baba alisema hajui. “Nenda uone.” Akatoka, akazunguka nyuma ya jengo. Walikuwa njiwa wawili juu ya tanki la maji, wanagombania nafasi. Aliporudi, mama alikuwa amekwisha kutuacha. Ilikuwa saa moja kasoro robo.

Baba Emery alikaa kitandani, akamshika mkono, akamwambia hata hivyo. “Ni njiwa, Mama Dominique. Wako wawili.”

Mama Godelive ameacha mume wake, Emery Kamate, watoto watatu, Dominique, Espérance na Caleb, wakwe wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, Donatien, anayewasomea maneno haya. Ameacha pia wazazi wa watoto wa septième na huitième wa miaka thelathini na saba, ambao familia haiwezi kuwahesabu.

Mungu aliyemuumba na maulizo yake yote amlaze mahali pa amani.