Wasifu wa Mama Editha Abraham Msengi, Mfugaji wa Ng'ombe wa Nyama, Shelui

Ndugu waombolezaji, tunaomba mtusikilize tuwaeleze kwa ufupi safari ya mama yetu.

Mama Editha Abraham Msengi alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji cha Misigiri, wilayani Iramba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Abraham Msengi na Mama Eliza. Kwao walilima mtama, na ng'ombe walikuwa wachache.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Misigiri, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuendelea, maana mama yake aliugua na mtu wa kubaki nyumbani alikuwa yeye. Jambo hilo lilimuuma na hakulificha. Sisi wanawe wote alitusomesha, na aliyelegea alijua kitakachompata.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Mzee Clement Kitundu wa Shelui. Mungu aliwajalia watoto watatu: Dina, Joseph na Shukuru.

Zizi la Mzee Clement lilikuwa na ng'ombe wengi, lakini wadogo, waliopandana ovyo malishoni. Mnadani wanunuzi waliwapita. Mwaka 1998 Mama alimshawishi mumewe wauze sehemu ya kundi na kununua dume mmoja wa Borani, aina ya ng'ombe wakubwa wa nyama, kutoka ranchi. Wazee wa ukoo walikuja kumkanya Mzee Clement kwamba amemwachia mke amalize mali. Aliwasikiliza mpaka mwisho, na dume akaletwa.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mchungu. Ndama walikuwa wakubwa mno, na mitamba, yaani majike wachanga wa uzao wa kwanza, wakashindwa kuzaa. Baadhi walikufa, akiwemo mtamba ambaye Mama alipewa na baba yake mzazi. Alilia pale zizini mbele ya watu. Kisha akajifuta machozi, akaenda kwa afisa mifugo wa kata, Bwana Gervas, kumwomba amweleze alipokosea. Bwana Gervas alimfundisha kwamba dume yule apandishwe kwa majike waliokomaa, wenye nyonga pana, na mitamba wasubiri wakue. Tangu siku hiyo madume wengine wote wa zizi lile walihasiwa.

Katika ndama wazuri wa mwanzo alikuwemo dume mwekundu, mrefu, ambaye wapita njia walisimama kumwangalia. Mzee Clement alimpenda sana. Lakini miguu yake ya nyuma ilikuwa dhaifu, na alipiga watu. Mama akasema ahasiwe. Mzee akamsihi amwache.

"Baba Dina," Mama akamjibu, "ng'ombe wa kutazama tumekuwa nao miaka yote. Mimi natafuta wa kuzaa."

Mzee alinuna kwa siku kadhaa, kisha akaja kushika kamba mwenyewe. Kisa hicho alikisimulia akicheka mpaka alipofariki mwaka 2015.

Baadaye wanunuzi walianza kuwafuata ng'ombe wa Mama nyumbani bila kusubiri mnada. Wazee waliomkanya mumewe nao walileta majike wao kupandishwa. Mama hakumkatalia yeyote, ila alimtaka kila mmoja kwanza ahasi madume wabovu wa kwake. Wengine walikasirika wakaondoka. Wengi walirudi.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Singida na Dodoma, na Juni 2025 akaomba arudishwe nyumbani. Wakati huo Joseph na Shukuru walikuwa wanabishana juu ya dume gani arithi zizi. Mama akaagiza abebwe kwa kiti mpaka zizini. Aliamuru madume wote wawili watembezwe mbele yake, akauliza habari za mama zao, akawaangalia mmoja mmoja.

"Huyu ambaye mama yake anazaa kila mwaka ndiye abaki," akasema. "Yule mhasini. Na msigombane tena."

Dume aliyekataliwa alikuwa chaguo la Joseph. Joseph alimhasi siku hiyo hiyo, akaja kumwambia mama yake kwamba imekwisha. Mama akaomba uji, akanywa.

Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 3 Agosti 2025, wanawe wote wakiwa kando yake.

Ameacha watoto watatu, wajukuu, vitukuu, mdogo wake Rebeka, na kundi la ng'ombe ambalo watoto wake wameahidi hapa mbele yenu kutoligawa.

Mungu aliyempa Editha nguvu za kusimama, sasa ampe raha ya kulala.