Mzee Eksi na Sentimita Sitini za Bibi

Babu yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Eksi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi seremala. Mama yake alisimulia kwamba aliwahi kutembea kabla ya wenzake, na tangu hapo hakuona sababu ya kukaa.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1974 (tofauti na wajukuu fulani tulioishia njiani), akafundisha hisabati hadi alipostaafu 2011. Darasani hakutulia. Alizunguka madawati akigeuza kila chumba, shamba na uzio kuwa milinganyo miwili, eksi na wai. Ukimpelekea jibu, alikurudisha: "Liingize kwenye swali, uone kama linakubali."

Mwaka 1978 alitunga mtihani: chumba cha mstatili, mzingo mita kumi na mbili, urefu unazidi upana kwa mita nane. Mwalimu mwenzake aliyeuhakiki akamfuata.

"Mwalimu, upana wa chumba chako ni hasi moja. Mtu anaingiaje humo?"

Babu alirudi na swali lililorekebishwa, kisha akarudi tena bila swali lolote. Yeye na mhakiki huyo, bibi yetu, walifunga ndoa tarehe 7 Aprili 1979.

Moyo ulianza kumsumbua 2022. Agosti 2023 alilazwa, kitanda kikabanwa dirishani, na muuguzi akamkatalia bibi kiti: "Bibi, toroli langu la dawa lipite wapi?" Bibi akabaki amesimama mlangoni. Babu akahangaika, mara shuka chini, mara mto chini, mpaka akaomba kalamu. Akaandika kwenye boksi la dawa: toroli eksi, kiti wai, jumla ya nafasi kando ya kitanda sentimita mia moja na arobaini, toroli lizidi kwa ishirini.

"Mzee, hata mimi unanipa mtihani?"

"Themanini zako, sitini za mke wangu. Liingize kwenye swali."

Muuguzi akapima, akacheka, akasogeza kitanda mbali na dirisha. Bibi akaketi upande wa dirisha, akamshika mkono. Hapo ndipo babu alipotulia. Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 5 Septemba 2023, mkono haujaachiwa.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Jana, bibi alipooneshwa kaburi, aliuliza jambo moja tu: "Pembeni hapo mmeniachia sitini zangu?"

Tumekuachia, bibi. Ila usiwe na haraka nazo.

Babu apumzike kwa amani, na safari hii akae.