Mama Restuta, Mfungaji na Mfunguaji wa Majina

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Restuta Chidawali atainuka kwenye kiti chake cha mbao na kukiacha, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia Jembe na Kalamu Saccos ya hapa Dodoma. Wanachama wengi hawalijui jina la Chidawali. Kwao ni Mama Restuta wa mikopo, na ukifika dirishani ukamuulizia Bi. Chidawali, walinzi watakutazama mara mbili wakidhani umetumwa na mahakama.

Mama Restuta ni Mgogo wa upande wa Mtera, binti wa wafugaji. Alipoajiriwa, ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Mashine ilikuwa ikigoma herufi mbili tatu, naye alizijaza kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mashine yenyewe. Baadaye akawa mtunza fedha, kisha afisa mikopo, cheo alichokaa nacho mpaka leo kwa sababu kila alipotajiwa kupandishwa alisema vikao vinamtia usingizi.

Kompyuta zilipoingia hakuzilaki kwa furaha. Kwa muda mrefu alimwita kijana wetu Zaidi aje "kumwamsha huyu mgonjwa" kila skrini ilipozima. Lakini alijifunza, na siku hizi anaichapa kwa vidole viwili kwa kasi inayotutia aibu sisi wenye vyeti vya kompyuta. Kila alipotoka likizo alituletea samaki wakavu wa Mtera, akawaweka kwenye kabati la mafaili. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu aliwahi kuandika katika taarifa yake kwamba kumbukumbu zetu zimetunzwa vizuri ila zinanuka samaki. Mama Restuta alimfungia samaki wawili, na taarifa ya mwaka uliofuata haikutaja harufu.

Jambo litakalobaki na jina lake katika chama hiki ni utaratibu wa kufunga jina. Wageni wetu wa karibuni wanaweza kudhani ulikuwepo tangu zamani, kumbe aliubuni yeye. Kila mtu anayepokea mshahara hapa mjini anajua adha ya kuombwa udhamini. Shemeji anataka mkopo, mdhamini ni wewe. Mwenzako wa ofisini anataka mkopo, anakuvizia korido, na ukikataa unaitwa mchoyo hadi msibani. Mama Restuta aliona wanachama wanakatwa mishahara kwa mikopo ambayo hawakuila hata shilingi. Ndipo akapendekeza kwamba mwanachama anayetaka afunge jina lake: lisikope wala lisidhamini mpaka mwenyewe aje kulifungua. Basi watu wakapata jibu la heshima. "Ningekusaidia ndugu yangu, ila jina langu limefungwa. Muulize Mama Restuta." Lawama zote zikahamia kwake, naye akazibeba na mkoba wake kwenda nazo nyumbani.

Akaongeza nakshi ya kwake. Mwanachama akifunga jina, humwachia sharti la kulifungulia, lolote analotaka mwenyewe. Dereva wetu mmoja, Stanley, aliacha sharti kwamba asifunguliwe mpaka aje na mkewe. Miaka ikapita, akasahau kabisa. Siku moja akaomba mkopo wa pikipiki, na kwa uhakika aliokuwa nao akawa tayari ameshanunua helmeti, anatembea nayo kwapani. Ombi lilipogota alipiga kelele kwamba chama kina chuki na madereva. Mama Restuta akamwacha amalize, akammiminia chai, akamkumbusha sharti lake. Stanley alirudi alasiri na mkewe, na mke ndiye aliyekuwa amevaa helmeti.

Lakini jina ambalo hatutalisahau ni la Hilda. Hilda ni mhudumu wa mapokezi katika taasisi moja ya hapa mjini, Mhehe, mjane mwenye watoto watatu. Kaka yake Brighton ana ulimi wa asali. Alimshawishi Hilda akope kwa ajili ya biashara yake ya mahindi, akalia mbele yake, Hilda naye akaja kulia mbele yetu, mkopo ukatoka na mahindi hayakuonekana. Hilda alikatwa mshahara mpaka akawa anakwenda kazini kwake kwa miguu. Siku aliyomaliza kulipa alikuja kufunga jina, na sharti lake tulilisikia wote: "Mama, nikija hapa nalia, usinifungulie hata nikikupigia magoti. Ujue ni Brighton huyo. Nifungulie siku nikija nacheka." Mama Restuta akamwahidi.

Mwaka juzi, Jumatatu moja asubuhi, Hilda aliingia ofisini analia.

Nyumba aliyokuwa amepanga Ipagala, alikolelea watoto wake wote, ilikuwa inauzwa. Mwenye nyumba, Mzee Ludovick, alikuwa anarudi kwao Bukoba. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja Jumamosi na fedha taslimu. Mzee alimwambia Hilda kwamba kwa vile ameishi naye kwa wema, akipata fedha kabla ya siku hiyo nyumba ni yake. Akikosa, atafute pa kuhamia. Kamati ya mikopo ilikuwa inakaa Alhamisi. Kilichobaki ni jina kufunguliwa.

Mama Restuta akakataa.

Ofisi nzima ilimkasirikia, na mimi nilikuwa mbele ya msafara. Tulimwambia huyu ni mama wa watoto watatu, mfungulie. Akajibu akiwa amekaa vile vile: "Machozi nayaona. Ni ya nani, ndiyo sijajua." Hilda alitoka akiupigiza mlango, na mchana ule Mama Restuta alikunywa chai peke yake.

Jioni alipotoka kazini hakwenda kwake. Alipanda bajaji mpaka Ipagala, akamkuta Mzee Ludovick anafunga vyombo, akaomba kuona hati, akaikagua mbele na nyuma. Akauliza majirani kama Brighton ameonekana mitaa ile. Hajaonekana, wakasema, yuko Mbeya mwezi wa tatu sasa. Akatembea kuizunguka nyumba, akauona mzabibu ambao Hilda aliupanda uani na kuutengenezea kichanja, akaona ukutani alama za penseli za urefu wa watoto. Akaaga. Sasa alijua machozi yalikuwa ya nani.

Tulidhani Jumanne atafungua tu. Wapi! Alimpigia Hilda simu aje, na Hilda akaja na macho yaliyovimba, midomo kaibana. Nikamnong'oneza Mama kwamba si umeshahakikisha, sharti la nini tena? Akanijibu maneno ambayo nimewarudia vijana wengi tangu hapo: "Mtu akikukabidhi neno lake akili ikiwa imetulia, usimnyang'anye siku akili imemruka. Nilimwahidi kicheko, nitamtafutia kicheko."

Akamgeukia Hilda. Msomaji asiye wa huku akumbuke kwamba Wagogo na Wahehe ni watani, na mtani anaruhusiwa kusema ambacho mwingine angepelekwa nacho polisi.

"Hebu mtazameni mtumwa wangu," akaanza. "Babu zake walipigana na Mjerumani hawakudondosha chozi, yeye analilia bati! Nyumba ikikushinda sema, nitainunua mimi bwana wako, nikuweke chumba cha uani uwe unanifulia."

Hilda akatazama pembeni. Mama Restuta akaendelea kwamba atamlipa vizuri, kila mwisho wa mwezi ugali wa uwele, na Sikukuu atamwongezea mlenda. Tukaona mabega ya Hilda yanatikisika. Alijikaza, akajikaza tena, mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Mgogo anunue nyumba!" akasema. "Kwa fedha gani? Utasimama njia panda na kopo la kuombea mpaka lini, Mama?"

Na akacheka. Alicheka huku machozi bado yanamtoka, akashika meza asianguke, Zaidi akacheka, mlinzi akacheka dirishani bila kujua kisa. Mama Restuta peke yake hakucheka. Aliinua kidole akauliza ofisi nzima, "Mmemwona? Mashahidi mpo?" Tukaitika. Akageukia kompyuta na vidole vyake viwili, na jina la Hilda likafunguka palepale.

Kamati ilipitisha mkopo Alhamisi. Jumamosi yule mnunuzi wa Dar es Salaam alifika Ipagala na gari zuri, akamkuta Mzee Ludovick anakunywa chai na mwenye nyumba mpya. Wakamkaribisha kikombe.

Tangu hapo wanachama waliofunga majina wameongezeka, na wiki iliyopita alikuja kufunga lake Brighton mwenyewe, akilalamika kwamba marafiki wamezidi kumsumbua. Mama Restuta alimhudumia kwa adabu zote. Dawati sasa anamwachia Zaidi, ambaye amefundishwa kazi na ameanza kuitisha mashahidi kwa sauti ileile ya kukera.

Mama Restuta anarudi Mtera, kwenye mbuzi wake na shamba la uwele. Hata hivyo macho yanamsumbua, na daktari amempangia kliniki hapa mjini kila mwezi. Tulipokuwa tunajadili nani atakuwa anampokea, kila mtu akijitutumua, Hilda alituma ujumbe kwamba tusihangaike. Amejenga chumba cha nyongeza upande wa mbele, chenye dirisha linalotazama mzabibu, na kimekaa miezi minne bila mpangaji. Madalali wamekuja wamechoka. Anawajibu wote kwamba chumba kina mwenyewe, yuko kazini bado, anastaafu Juni.

Mama, tuliokukasirikia Jumatatu ile tunakushukuru leo kwa moyo mmoja. Umetulinda na ndugu zetu, na siku nyingine umetulinda na nafsi zetu. Mungu akupe macho ya kuona wajukuu wa wajukuu, mvua za kutosha Mtera, na miaka mingi ya kukaa bila kulaumiwa na mtu. Kitanda Ipagala kimeshatandikwa.