Shangazi Ashuke Ghorofani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mji, viongozi mlioongozana naye, majirani zetu, na nyinyi mafundi wenzetu ambao leo mmenawa mpaka viwiko, hatuwatambui:

Risala hii ya mafundi chuma wa Uchochoro wa Nyuma inasomwa na Dada Nati, kwa niaba ya mwenyekiti wetu, Mzee Tindo.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu katika banda hili jipya unalolifungua. Zamani tulichomelea juani, na mvua ikinyesha tulikaa tukitazamana. Sasa tuna paa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wewe si mnyonge, ila haki yako tunakupa: ahsante.

Afisa wako aliyetangulia alitueleza kwamba una nafasi ya ombi moja tu, tuchague vizuri. Tumechagua. Utuvumilie tukianzia mbali, maana ombi lenyewe lina historia.

HISTORIA

Watu husema uchochoro huu ulianza na mashine ya kwanza ya kuchomelea. Si kweli. Ulianza na mkokoteni wa viazi vya kukaanga.

Shangazi, ndivyo tunavyomwita sote, hata wenye mvi kumzidi, alikuwa akikaanga viazi kwenye ukuta huu kabla yetu. Mume wake, marehemu, alikuwa fundi, na alimtengenezea mkokoteni kwa fremu ya kitanda cha chuma na magurudumu ya baiskeli. Mafundi wenzake wakaja kula, wakaona kivuli ni kizuri, wakahamisha zana zao. Kwa hiyo sisi ndio tuliomfuata yeye.

Hapa kwetu mtu akiita hasikiki. Grainda za kukatia chuma zikianza kulia, hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Shangazi hakujisumbua kupiga kelele. Viazi vikiiva, alitikisa kitambaa chekundu juu ya kichwa, na mashine zikazimwa moja baada ya nyingine mpaka pakawa kimya. Kimya kile, Mheshimiwa, tunakitamani kuliko hata chakula. Ndani yake tulijua nani mkewe kajifungua, nani anaumwa, nani na nani hawasemeshani. Waliokosana Shangazi aliwapa sahani moja, na hakukuwa na rufaa.

"Sina njaa leo, Shangazi," mtu angesema.

"Nani kakuuliza habari za njaa? Kaa."

MAFANIKIO

Tumeelekezwa tutaje mafanikio. Tumetengeneza mageti mengi ya mji huu, huenda na la kwako, na kama linalia ukilifungua, si letu.

Lakini kuna jambo jingine. Mwanga wa kuchomelea ukimpiga mtu machoni mchana, usiku macho huwaka kama yametiwa mchanga. Kila jioni Shangazi alikata vipande vya kiazi kibichi, akavifunga kwenye karatasi, akamtafuta yule aliyekuwa akipepesa macho. "Lala navyo juu ya macho. Na kesho vaa miwani, mkaidi we!" Hatusemi kiazi ni dawa. Daktari alishatuambia dawa ni miwani. Tunasema tu kwamba ni raha kwenda kulala ukijua kuna mtu aliyekuona.

CHANGAMOTO

Barabara ilipopanuliwa, mikokoteni yote ilipigwa marufuku, na Shangazi akapewa chumba ghorofa ya tatu katika jengo jipya la wauza chakula. Chumba ni kizuri, kina vigae na maji ya bomba. Tatizo ni viatu vyetu. Mlinzi akiviona na grisi yake, ananyoosha kidole kuelekea mlangoni. Hatumlaumu, vigae vile hata sisi tunaviogopa.

Mwanzoni, adhuhuri ikifika, Shangazi alitikisa kitambaa chake dirishani. Tulizima mashine, tukainua vichwa, tukampungia mkono. Kisha tukala mikate baridi tuliyotoka nayo nyumbani, kila mtu na kona yake. Akajaribu kututeremshia chakula kwa kikapu na kamba. Akakatazwa, na kwa haki, maana chai ilimmwagikia bwana mmoja mwenye suti.

Siku hizi hatikisi tena. Mashine zetu hazizimwi pamoja. Juzijuzi mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, nasi tukapata habari matanga yameshaanuliwa. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika uchochoro huu, na mpaka leo linatuuma.

Na sasa Shangazi amesema mwezi huu ukiisha anafunga, anakwenda kuishi kwa mdogo wake, mbali. "Nikae huko juu nikimngoja nani? Mimi si njiwa."

Tuliposikia hivyo, tukafanya ambacho mafundi geti wanaweza kufanya. Tukaanza kumtengenezea mkokoteni mpya. Kila mtu akaleta chuma chake bora, kila mtu akaongeza nondo moja kwa mapenzi. Ulipokamilika, tukagundua tumetengeneza geti lenye magurudumu. Una mikuki juu, una makomeo mawili na mahali pa kufuli, na hausukumwi na watu chini ya wanne. Mzee Tindo aliuzunguka, akakuna kichwa, akasema, "Walau mwizi hataiba kiazi." Shangazi hajauona. Uko nyuma ya turubai lile. Tumeshapangana zamu: wanne asubuhi wa kuusukuma kuja, wanne jioni wa kuurudisha.

OMBI

Mheshimiwa, tunajua ulichokuja kukisikia, na afisa wako alikwisha kukidokeza: transfoma. Ni kweli tunaihitaji. Tukiwasha mashine zaidi ya tatu kwa pamoja, umeme unakatika mtaa mzima na majirani wanatutajia wazazi wetu. Tumelilia transfoma tangu baadhi yetu wakiwa wanafunzi wa kazi.

Tulibishana sana. Shangazi akapata habari kwamba jina lake linatajwa, akashuka ngazi zote zile kuja kutugombeza. "Ombeni umeme, wanangu. Mimi ni mpita njia, nyinyi mna watoto. Msinitie aibu mbele ya wakubwa." Akamwapisha mwenyekiti wetu kwamba hatamwombea. Mzee Tindo akaapa, na yeye akiapa ameapa. Dada Nati hakuapishwa, ndiyo maana unamsikia yeye.

Tunaomba ruhusa ya mkokoteni mmoja kusimama kwenye ukuta huu, ndani ya uchochoro, mahali ambapo hata gari halipiti. Basi. Transfoma itakuja siku yake. Tutaendelea kuchomelea kwa zamu kama tulivyozoea, na anayengoja zamu yake atakuwa na mahali pa kukaa na mtu wa kumsemesha. Bila Shangazi, Mheshimiwa, umeme ukiwaka usiku na mchana tutakachopata ni kelele zaidi.

Shangazi yupo hapa, safu ya mwisho, karibu na mlango. Amekuja kwa sababu tulimwambia ni shughuli ya umeme.

Shangazi, tusamehe. Tunaona umeshaanza kuinuka. Tafadhali kaa, mara hii tu tutii sisi, mwache Mkurugenzi ajibu.

Mheshimiwa, Mwenyezi Mungu akulindie macho na mikono, akuzidishie umri, na kila urudipo nyumbani ukute kuna aliyekungoja.

Ni sisi, wanao wa chuma na viazi,
Umoja wa Mafundi Chuma, Uchochoro wa Nyuma.